Koplo Aliyepewa Maneno

Maiti alilala pale pale ambapo watu hufa kila mwaka. Ndiyo maana fundi cherehani hakupiga kelele.

Alifungua mlango wa ukumbi Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, kikapu cha vifungo mkononi, akamwona Mwalimu amelala kifudifudi jukwaani, chini ya ukuta wa mbao, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Akamwamkia. Akamwonya kwamba mtu wa umri wake halali kwenye mbao tupu, kifua kitambana. Akavuta kiti, akaanza kuchambua vifungo vyake. Robo saa nzima ilipita kabla hajatambua kwamba Mwalimu hajakohoa hata mara moja. Na Mwalimu bila kikohozi si Mwalimu.

"Nilidhani anafanya mazoezi ya kufa," alimwambia Inspekta, machozi yakimtiririka. "Kila mwaka huwaonyesha wenzake namna ya kuanguka. Anasema watu wa siku hizi hata kuanguka hawajui."

Inspekta hakucheka wala hakumlaumu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu wa maneno, na ukumbi ule aliujua tangu akivaa sare ya shule. Zamani za mkoloni palikuwa bwalo la askari wa kambi. Kuta zake zilikuwa nene kama za gereza, madirisha yako juu, na kwenye boriti bado palionekana mistari ambayo askari walichora kwa ncha za visu wakihesabu siku.

Miaka themanini na mitatu iliyopita, kikosi cha kambi ile kiliamriwa kuwapiga risasi vibarua wa reli waliogoma. Askari waliapa kimyakimya kwamba hawatafyatua. Kulipokucha, wakaweka bunduki chini. Tisa kati yao, watoto wa mji huu huu, walisimamishwa ukutani wakauawa, na kiongozi wao alikuwa Koplo. Mwalimu alipokuwa bado anafundisha historia aliwafuata wazee mmoja mmoja, akakusanya habari zao, akaunda mchezo, akaunda na kikundi. Mwaka wa thelathini na moja sasa walikuwa wakiuigiza bila kulipwa hata nauli: kinyozi, seremala, karani wa posta, fundi baiskeli na wengineo wa namna hiyo.

Na mji mzima ulijua jambo moja: Koplo hakusema. Kapteni mzungu alimuuliza siku nzima ni nani wengine walioapa, naye hakufungua kinywa. Kwa hiyo jukwaani Koplo hakuwa na neno hata moja. Alisimama tu, na watu wakalia. Mtoto aliyekataa kujibu aliambiwa na mama yake, "Usijifanye Koplo." Inspekta mwenyewe aliambiwa hivyo mara nyingi, na bado aliambiwa, ila sasa na mumewe.

Daktari alimaliza kazi yake, akavua glavu.

"Pigo moja tu, kisogoni," akasema. "Kitu kizito, bapa, chenye kona. Jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Hakupigana na mtu. Alikuwa amegeuka."

Kitu chenyewe hakikutafutwa sana. Nyuma ya jukwaa palikuwa na rafu ya bunduki tisa za mbao, nzito, zilizochongwa vizuri hata ungedhani zina risasi. Nane zilisimama midomo juu. Ya saba ilisimama mdomo chini, kitako juu. Kitako kilikuwa kimefutwa kwa kitambaa chenye maji, lakini damu haina adabu: ilikuwa imejificha kwenye ufa mwembamba, pale bamba la chuma linapokutana na mbao.

"Alikuwa na haraka, afande," alisema Sajenti, mtu mnene mwenye kipara kinachong'aa, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu na mara moja moja lilikuwa la kweli. "Kairudisha kichwa chini miguu juu, akakimbia."

"Mwenye haraka huitupa," alisema Inspekta. "Huyu kaifuta, kairudisha mahali pake, halafu kaichagulia namna ya kusimama."

*

Kufika adhuhuri walikuwa na mtu mahabusu.

Mlinzi wa lango, ambaye alitoka zamu kabla ya saa kumi na moja, alisema Mwalimu alikuwa ukumbini na kinyozi, wawili tu, na kwamba kwenye saa kumi na nusu alisikia kwa masikio yake kinyozi akinguruma: "Leo nakumaliza, na jina lako litafutika kama vumbi!" Tena leso ya kinyozi, iliyojaa chaki, iliokotwa hatua tatu tu kutoka kwa maiti. Mkuu wa kituo alifurahi. Mchezo ulikuwa uwe Jumamosi, wageni wakubwa walikuwa wamealikwa, na hakuna kitu kinachowafurahisha wakubwa kama kesi iliyokwisha kabla ya chakula cha mchana. Akaagiza kinyozi afikishwe mahakamani Ijumaa asubuhi kwa kosa la kuua kwa kukusudia.

Kinyozi alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vya mpiga kinanda. Alikalishwa mbele ya Inspekta, akapewa onyo kama sheria inavyotaka. Sajenti akashika kalamu.

"Ulimwambia Mwalimu utammaliza?"

"Mimi? Aliyesema ni Kapteni."

"Kapteni yupi?"

"Mimi."

Sajenti akaacha kuandika. "Sasa niandike nani?"

"Andika kinyozi," alisema Inspekta. Kisha, akitazama dirishani, akayatamka polepole maneno yanayofuata katika mchezo: "'Nitazame ninaposema nawe. Nani alikwambia uweke bunduki chini?'"

Kinyozi akainua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina lake ugenini. "Unaujua?"

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikaa sakafuni, mstari wa mbele. Kapteni wa siku zile alinirushia mate bila kukusudia."

Lakini hilo lisingemwokoa, na wote wawili walijua. Maana ugomvi wa kweli pia ulikuwepo, na kinyozi hakuuficha. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akijipaka chaki usoni na kuwa mzungu. Watoto walimrushia mawe ya utani, ambayo hata hivyo yaliuma. Alimwomba Mwalimu amtafute mtu mwingine, Mwalimu akakataa. Akasema hakuna mwingine anayechukiza vizuri kama yeye.

"Dada yangu, mimi kazi yangu ni wembe," alisema. "Mteja gani atampa Kapteni shingo yake?"

"Kwa hiyo ulimpiga."

"Nilimwachia leso yangu kwa hasira, nikatoka. Saa kumi na moja nilikuwa barabarani. Nani kaniona, sijui. Mtu asiye na hatia hatembei akitafuta mashahidi."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, mke wake alikuwa amekaa tangu asubuhi na chupa ya chai mapajani. Hakuuliza kitu. Kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa, akakirudisha chini. Inspekta alipita mbele yake mara tatu siku ile, na mara zote tatu aliiona ile chupa, na hesabu ya saa zilizobaki hadi Ijumaa ikamgonga kichwani.

*

Alhamisi asubuhi alirudi ukumbini peke yake. Fundi cherehani, ambaye kikundi kizima kilimwita Mama Sare, alikuwa amekaa kati ya magwanda yake kama mfiwa kati ya ndugu. Inspekta alimwonyesha picha ya rafu ya bunduki.

"Ya saba imegeuzwa. Unadhani nini?"

Mama Sare aliitazama muda mrefu, midomo ikimcheza.

"Hiyo ni heshima, mwanangu," akasema. "Mungu wangu. Hiyo ni heshima."

Akaeleza. Wazee wa kambi walimfundisha Mwalimu kwamba bunduki iliyomwaga damu ya mwenzako haisimami mdomo juu. Huinamishwa mpaka atakapozikwa. Mwalimu naye akawafundisha wale tisa, akawaapisha, kila mmoja na bunduki yake ya mbao. Mwaka mmoja karani wa posta alibanwa kidole kwenye mazoezi, tone la damu likatoka, na bunduki ile ikasimama kichwa chini siku tatu nzima hadi kidole kilipopona. Walicheka sana, lakini hakuna aliyethubutu kuigeuza.

"Na kinyozi anaijua desturi hiyo?"

"Kapteni? Kapteni hashiki bunduki, ana kifimbo chake tu. Mwalimu hakumruhusu hata kuisogelea rafu. Alisema adui hafundishwi siri za kikosi." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamfia usoni, maana aliona maneno yake yalikokuwa yakielekea. "Ina maana ni mmoja wa watoto wangu tisa."

Inspekta alikwenda kwenye kamba yalikoning'inia magwanda, yamepigwa pasi, kila moja na namba yake kolani.

"Mchezo wa mwaka huu ni ule ule?"

Hapo Mama Sare akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza jana yake. Miezi miwili nyuma Mwalimu alisafiri mpaka nyumba ya kumbukumbu za serikali, akarudi na nakala za karatasi za zamani, uso umemchangamka kama aliyeoa upya. Akajifungia ndani, akaandika mchezo upya. Hakumwonyesha mtu. Mchezo mzima aliufunga kwenye jalada jeusi lenye pete mbili za chuma, akatembea nalo kwapani. Lakini hilo la kuficha halikuwa jipya. Mwalimu hakuwahi kumpa mwigizaji mchezo wote. Kila mtu na karatasi yake: maneno yako tu, na maneno mawili matatu ya mwisho ya anayekutangulia, ujue wapi pa kuingilia. Basi. Alisema askari hapewi mpango wa vita wote. Akiujua mwisho, ataanza kuuigiza mapema.

"Karatasi zenyewe hugawa lini?"

"Hagawi. Anazitia mfukoni mwa gwanda, mimi naufunga mfuko kwa uzi mmoja. Ukija kujaribu sare, unakata uzi, unakuta maneno yako. Jumanne saa tisa tulizitia zote tisa."

"Na nani amekuja kujaribu?"

"Hakuna. Niliwaambia waje Jumatano asubuhi."

Inspekta alipitisha kidole kwenye mifuko. Uzi. Uzi. Uzi. Kwenye gwanda la kwanza, lile la Koplo, lenye tepe mbili mkononi, uzi ulikuwa umekatika na mfuko mtupu. Akaugeuza nje kwa ncha ya kalamu. Kwenye pembe ya mfuko palikuwa na unga mwembamba mwekundu, kama poda. Akaukung'uta ndani ya bahasha, akaunusa. Mbao.

Akachukua magwanda mengine manane, akayatia sahihi kwenye orodha ya vielelezo, na hakuvunja uzi hata mmoja mpaka alipofika ofisini kwake na kufunga mlango.

*

Karakana ya seremala ilikuwa nyuma ya soko, wazi upande mmoja, sakafu yake laini kwa maranda. Seremala alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, mabega mapana, sauti ndogo. Alikuwa akipiga msasa kiti chenye mikono. Pembeni, juu ya stuli, mama yake mzee alikaa akiokota maranda marefu na kuyaviringisha vidoleni.

"Shikamoo, bibi," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Mchezo upo Jumamosi?"

"Mama, nimekwambia Mwalimu amefariki," alisema seremala taratibu.

"Najua amefariki. Nimeuliza mchezo."

Inspekta alimfahamu bibi yule, kama kila mtu. Alikuwa binti wa Koplo, aliyeachwa tumboni siku ile ya ukutani. Kila mwaka aliletwa ukumbini na kuketishwa mbele kabisa, kwenye kiti kile kile kilichokuwa kikipigwa msasa, na mwanawe akapanda jukwaani kuwa babu yake, kimya, huku mama akimtazama.

"Mara ya mwisho ulikuwa ukumbini lini?" aliuliza Inspekta.

"Jumapili. Nilikaza ukuta."

"Jumanne?"

"Jumanne nilikuwa hapa."

"Peke yako?"

"Mama alikuwa kwa dada yangu."

"Karatasi yako umekwisha kuipata?"

Msasa ukasimama. Kisha ukaendelea. "Karatasi ya nini? Koplo hasemi."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Kwenye kona palikuwa na jiko la kuchemshia gundi, na kwenye jivu lake, kando ya kaa lililozimika, ilionekana pete moja ya chuma, nyeusi kwa moto. Hakuigusa. Hakuitazama mara ya pili. Aliaga, akamwacha Sajenti ng'ambo ya barabara akijifanya ananunua misumari, na baada ya saa mbili akarudi na hati ya upekuzi. Kwenye jivu walizikuta pete zote mbili. Msumeno wa seremala waliukuta umejaa unga mwekundu ule ule.

"Twende tukazungumzie kituoni," alimwambia. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Bila pingu, kama utatembea mwenyewe."

Seremala alimtazama mama yake. Akajikung'uta maranda magotini, akavaa shati.

"Nakwenda kupima mlango, mama. Nitakawia."

"Ukapime vizuri," alisema bibi, bila kuinua macho.

*

Juu ya meza Inspekta aliweka vitu vitatu tu: bahasha ya unga, pete mbili, na gwanda lenye mfuko uliogeuzwa. Akampa onyo. Akamwacha aviangalie.

"Nani aliigeuza bunduki ya saba?"

Kimya.

"Kinyozi hawezi. Hakufundishwa. Anafikishwa mahakamani kesho saa tatu, na mke wake yuko hapo nje na chupa ya chai ambayo imekwisha kupoa mara mbili. Nakuuliza tena. Nani aliigeuza?"

Seremala alikaa kama alivyokuwa akikaa kila mwaka jukwaani mbele ya Kapteni, mikono magotini, macho mbele. Sajenti alisema baadaye kwamba aliogopa. Alidhani mtu yule angeweza kukaa hivyo mpaka watu wastaafu.

"Usijifanye Koplo," alisema Inspekta.

Hilo ndilo lililomvunja. Mabega yake mapana yalishuka.

"Mimi," akasema. "Nisingeiacha imetazama juu. Alikuwa mwenzangu."

Akatoa mkono mfukoni, akaweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho.

"Jalada nililichoma. Hii ilinishinda."

Halafu akasimulia, na kalamu ya Sajenti ikamfuata. Jumanne alipita ukumbini saa kumi na mbili kasoro kuchukua patasi aliyoisahau. Mwalimu alikuwapo, amechangamka, akamwambia ajaribu gwanda lake, asisubiri kesho. Akalivaa. Akatia mkono mfukoni kwa mazoea, uzi ukakatika, akakuta karatasi. Miaka kumi na tisa alikuwa Koplo, na hakuwahi kupewa karatasi.

"Soma ulichokuta," alisema Inspekta.

"Iko mbele yako."

"Soma."

Seremala akasoma bila kuitazama. "'...wataje sasa hivi.' Halafu mimi: 'Wa kwanza ni Mpishi. Wa pili, Kipara. Wa tatu, Mrefu. Wa nne, Kiziwi. Wa tano, Bwana Harusi. Wa sita, Pacha. Wa saba, Mpiga Ngoma. Wa nane, Kinda. Na wa tisa ni mimi.' Babu yangu aliwataja. Wote wanane. Yeye ndiye aliyewapeleka ukutani. Na mimi nisimame niyaseme hayo kwa kinywa changu, mama yangu akiwa amekaa mbele."

"Ukamwambia nini Mwalimu?"

"Nilimsihi. Nilimwambia ayafute. Kama ni kweli, basi iwe kweli ya makaratasini, isije huku. Mama ana miaka themanini na miwili, hana kitu kingine duniani ila ukimya wa baba yake. Nilipiga magoti, afande. Mimi."

"Naye?"

"Alitabasamu. Akaniambia, 'Ngoja Jumamosi. Mama yako ataketi mbele, naye atasikia.' Akageuka kunyoosha ukuta. Bunduki zilikuwa karibu."

Sajenti aligeuza ukurasa polepole, kana kwamba ukurasa nao una maumivu.

"Jalada," alisema Inspekta. "Ulilisoma kabla ya kulichoma?"

"Nisome nini tena?"

Inspekta akafungua droo. Akatoa karatasi nane, kila moja ikiwa na alama ya mkunjo wa mfukoni, akazipanga mezani mbele yake kama mtu anayepanga kadi, akifuata alama za kuingilia: mwisho wa hii na mwanzo wa ile. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima mchana ule, mlango umefungwa, na alipoimaliza alikaa tu kwenye kiti bila kugusa kitu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Hili ni onyesho la nne," akasema. "Mahabusu, usiku wa kuamkia siku ya ukutani. Koplo yumo, lakini hasemi, anasikiliza. Ndiyo maana kwenye karatasi yako halimo. Soma."

Seremala alisoma akifuata kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mpishi alisema: walioapa ni arobaini na mmoja, ukinyamaza kesho watatumaliza wote, na wakitaka majina, wape yangu, sina mtoto. Kipara alisema nami nimeishi vya kutosha. Mrefu alisema hata nikijificha nitaonekana. Kiziwi alisema sitasikia bunduki, niandikeni. Bwana Harusi aliomba awe wa tano, si wa kwanza, kwa sababu akitangulia atatetemeka na watu watamwona. Na hivyo hivyo, mpaka Kinda, aliyesema kwamba nane ni namba nzuri. Mwishoni Mpishi alimwambia Koplo: ahadi yako ni kusema. Wenzako wote watanyamaza. Wewe ndiye utakayesema.

"Askari wa zamu aliyewalinda usiku ule aliandika maelezo," alisema Inspekta. "Mwalimu aliyakuta, na nakala tumeziona nyumbani kwake. Kapteni alitaka majina, akapata tisa, akaridhika. Thelathini na wawili walirudi nyumbani. Nusu ya mji huu imezaliwa na hao. Huenda na mimi."

Seremala alikuwa bado ameshika karatasi ya Kinda.

"Alipotabasamu," akasema hatimaye, "nilidhani ananicheka."

Akaweka kichwa mezani, juu ya karatasi zote tisa, na mgongo wake ukatikisika bila sauti. Sajenti alimsogezea glasi ya maji. Haikunywewa.

Kinyozi aliachiwa saa kumi na moja na dakika kumi. Mke wake alimmiminia chai palepale mapokezi, naye akainywa amesimama. Sajenti alimwambia kwamba Jumatatu atakuwa mteja wake wa kwanza. Kinyozi akakitazama kile kipara, akataka kucheka, akashindwa.

*

Inspekta alikwenda mwenyewe karakana. Jambo lile lilikuwa lake. Halikuwa la kutuma mtu.

Bibi alikuwa bado kwenye stuli, na maranda yamemjaa mapajani. Inspekta alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote, bila kupunguza. Alipofika mahali pa karatasi, bibi aliinua kiganja.

"Alimpiga kwa sababu yangu?"

"Alitaka usisikie."

Bibi akasema kwamba mama yake alimsimulia akiwa na miaka saba. Askari wa zamu ndiye aliyewaletea kofia ya Koplo, na maneno ya usiku ule pamoja na kofia. Lakini mji ulikuwa umekwisha kuamua kwamba Koplo hakusema, na seremala, mwanawe, alikua akijivunia ukimya ule, na yeye hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Mwaka huu, alipoona siku zinakwisha, alimwita Mwalimu.

"Mimi ndiye niliyemtuma huko kwenye makaratasi," alisema. "Nilimwambia, tafuta, ni kweli. Nataka nisikie sauti ya baba yangu kabla sijafa. Na mwanangu ndiye awe sauti hiyo. Nikamwambia, usimwambie. Tumshangaze."

Inspekta alitoa nakala ya karatasi ya Koplo, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuja nacho, akauliza kama amsomee. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"'Wa kwanza ni Mpishi,'" alisoma Inspekta. "'Wa pili, Kipara. Wa tatu, Mrefu. Wa nne, Kiziwi. Wa...'"

"Wa tano, Bwana Harusi," alisema bibi, macho ameyafumba. "Huyo aliomba asitangulie."